Heri Kilimia changu chenye ukungu

Wa Gatumba, wa Kajaga, wa Buterere, na ninyi ndugu mlioko kambini Bwagiriza, Musasa na Nyankanda, nawasalimu wote. Waliovuka Rusizi mwaka jana na bado wanatafuta pa kukaa, karibuni pia. Hii zamu ya kuandika ni yangu, na nimeikawiza kwa sababu nilikuwa naogopa kumuumiza mtu. Sasa nimeona nikinyamaza nitaumiza wengi zaidi.

Mnakumbuka katikati ya mwezi wa kwanza, wakati mvua zilipumzika kidogo? Mmoja wetu alibandika picha hapa. Milima ya rangi ya kahawia kama kutu, juu yake anga la bluu limejaa nyota. Akaandika: "Nebula, nimepiga leo saa mbili usiku hapa Gatumba na simu yangu." Jamani, mioyo ilivyomiminika! Watu wakasema huyu kijana ana kipaji, apelekwe Ulaya. Usiku huohuo na mimi nilikuwa nimebandika picha yangu ya Kilimia. Nukta sita zenye ukungu, na ya saba nikagundua baadaye ni vumbi kwenye kioo cha kamera. Nilipata mioyo minne, mmoja wa dada yangu.

Ile picha niliijua mara moja. Ilipigwa na darubini ya angani inayoitwa James Webb, mali ya Marekani, Ulaya na Kanada, na ilitolewa kwa dunia nzima tarehe 12 Julai 2022. Nilimwandikia ndugu yetu pembeni, si mbele za watu. Nikamwambia, "Mdogo wangu, ile si yako." Akanijibu: "Yaya, nani ataumia? Si ni nyota tu."

Hilo swali ndilo najibu leo. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa ya kusimulia, bila jina. Na niseme mapema, huyu kijana namheshimu. Alitaka tu kuwa na kitu kizuri cha kuonyesha. Nani kati yetu hataki?

Nani ataumia?

Tuanze na sisi wenyewe. Sisi ni watu ambao neno letu linapimwa kila siku. Ukifika ofisini unaulizwa ulivuka tarehe gani, kwa njia gani, na nani. Baada ya miaka miwili unaulizwa tena, na majibu mawili yanawekwa pamoja kuona kama yanafanana. Mama yangu aliwahi kusema "mwezi wa nane" mara ya kwanza na "mwezi wa tisa" mara ya pili, kwa sababu alikuwa anahesabu kwa mavuno, si kwa kalenda. Faili yake ilikaa mezani muda mrefu sana kwa ajili ya mwezi mmoja. Mtu aliyekimbia risasi alionekana kama mtu wa kubahatisha.

Sasa fikiria mtu kama huyo ana mtoto anayebandika picha ya Webb na kuandika "nimepiga mimi". Utasema hayahusiani. Mimi naona yanahusiana, kwa sababu mazoea ni yaleyale. Kila mwaka ikikaribia tarehe 13 Agosti nimeona kwenye simu picha za maiti za vita vya kwingine zimeandikwa "Gatumba 2004". Anayezituma ana uchungu wa kweli, sikatai. Lakini mtu akija kuthibitisha kwamba picha ni ya nchi nyingine, anaanza kuuliza kama na hao watu zaidi ya 150 waliouawa hapa nao ni wa kubuni. Tunampa kisu aliyetaka kukana. Ukizoea kudanganya kwa nyota, ambazo hazina mlalamikaji, mkono unakuwa mwepesi siku ya kudanganya kwa mambo mazito.

Aliyeumia wa pili ni yeye mwenyewe aliyebandika. Hapa ndipo nataka mkae mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo penye utamu.

Ile nebula kwenye picha ya Webb iko Carina, upande wa kusini wa anga. Ni wingu kubwa mno la gesi na vumbi, umbali wa miaka ya mwanga karibu 7,500. Maana yake mwanga wenyewe, ambao kwa sekunde moja unakimbia kilomita laki tatu, unasafiri miaka yote hiyo kabla ya kutufikia. Ndani ya hilo wingu nyota zinazaliwa. Gesi inajikusanya, inabanwa na uzito wake, inapata joto, mpaka inawaka. Webb ilipiga ukingo mmoja tu wa wingu hilo, kwa mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni, na rangi zikapangwa na wataalamu ili sisi tuelewe.

Sasa sikia. Hilo wingu la Carina linaonekana kutoka Gatumba. Kwa macho matupu! Kusini kwetu ni Ziwa Tanganyika, maji matupu, hakuna mji wala taa za barabara mbele yako, ila taa za wavuvi wa ndagala. Mwisho wa mwezi wa tano mvua zikiisha, simama unatazama ziwani kati ya saa moja na nusu na saa tatu usiku, siku isiyo na mwezi. Tafuta Msalaba wa Kusini, kisha sogeza jicho upande wa kulia, kama kiganja kimoja na nusu cha mkono ulionyooshwa. Utaona kidoa cha ukungu kinachong'aa kuliko anga la kandokando. Ndilo hilo. Mtu wa Paris au Brussels hawezi kuliona kwake hata akipanda juu ya ghorofa, kwa sababu dunia yenyewe imemziba. Wazungu wenye kamera za maelfu ya dola wanakata tiketi ya ndege mpaka Namibia au Chile ili waone anga la kusini. Sisi tunafungua mlango wa uani.

Na siku ile ndugu yetu alipoandika "saa mbili usiku", nilienda kuangalia kwenye programu ya ramani ya nyota, ile ya Stellarium. Katikati ya Januari saa mbili usiku, Carina bado iko chini, haijachomoza kwenye maji ya ziwa. Inatoka karibu na saa tatu. Kwa hiyo alisema amepiga picha ya kitu ambacho saa ile kilikuwa upande mwingine wa dunia. Angengoja saa mbili tu angekiona kwa macho yake. Hilo ndilo linaniuma. Aliazima picha ya wengine, na kumbe cha kwake kilikuwa njiani kinakuja.

Tena sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, digrii tatu na kitu kusini yake. Kwa mwaka mzima karibu anga lote la dunia linapita juu ya vichwa vyetu, la kaskazini na la kusini. Hata yule Mfaransa wa zamani, Charles Messier, aliyeacha orodha inayohesabiwa leo vitu 110 vya ukungu na mafungu ya nyota, hakuandika Carina wala lile fungu kubwa la Omega Centauri kama sisi tunavyoyaona, kwa sababu kutoka Paris hayaonekani. Tumenyimwa mengi, lakini kwenye mgao wa anga tulipewa sahani iliyojaa.

Basi na picha yangu mbaya?

Kilimia ni fungu la nyota. Jina nililipata kwa mzee mmoja jirani, aliyekaa Nyarugusu miaka mingi kabla ya kurudi huku. Nilimwonyesha simu nikasema, "Mzee, hii Waingereza wanaita Pleiades." Akacheka. "Mwanangu, hiyo ni Kilimia. Ni nyota za kulima." Akaniambia watu wa pwani wana msemo, kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mkulima alikuwa anakitazama kujua msimu. Mimi nilifika darasa la kumi na mbili, na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kuwa kuna fungu la nyota lenye jina la Kiswahili linalotoka kwenye jembe. Wazee hawa wakiondoka, majina yanaondoka nao. Kila kambi tunayohama tunaacha kitu.

Fungu lenyewe lina nyota zaidi ya 1,000, ingawa macho yanaona sita au saba. Liko umbali wa miaka ya mwanga karibu 440. Mwanga uliogusa kioo cha simu yangu uliondoka huko wakati hapa hakuna mpaka wala karatasi ya mkimbizi. Rusizi ilikuwa mto tu.

Nilifanyaje? Nasema wazi ili kila mtu ajaribu. Simu yangu ni ya kawaida, kioo kimepasuka pembeni. Unaingia kwenye kamera, sehemu ya kupanga mwenyewe, wengine imeandikwa "Pro". Unaweka muda wa kupokea mwanga sekunde 15. Ukiweka 30, dunia inazunguka na nyota zinakuwa mistari. Ile ISO weka 1600 au 3200. Fokasi iweke mbali kabisa, mwisho wa mstari. Simu usiishike, mkono unatetemeka. Mimi niliiegemeza kwenye kopo la nyanya lililojaa mchanga, nikaweka ile saa ya kuhesabu sekunde tatu ili kidole changu kisiitikise.

Picha moja itakuwa na chenga nyingi, kama televisheni ya zamani. Usikate tamaa. Piga 36 mfululizo bila kugusa kitu. Halafu kwenye kompyuta kuna programu za bure, Sequator na Siril, ambazo zinapanga picha zote juu ya nyingine na kutoa wastani. Chenga za picha 36 zinapungua mara sita, nyota zinabaki palepale. Mimi nililipa nusu saa kwenye saiba. Ile picha yenu ya mioyo minne ni dakika tisa za mwanga, kopo la nyanya, na nusu saa ya kulipia. Nikiulizwa tarehe nataja. Nikiulizwa saa nataja. Nikiulizwa nilisimama wapi nitakupeleka. Hiyo ndiyo tofauti.

Sasa tuje kwa wanaopinga, maana nawasikia.

Mama yangu wa kwanza. Aliniambia, "Wewe mutoto, nyota haziliwi. Simu ni ya kutafutia kazi." Mama ana haki. Kuna siku ya ugali na kuna siku ya chai bila sukari, na maji ya mafuriko yalipoingia nyumba za watu hapa Gatumba hakuna aliyeomba picha ya nebula. Siwezi kumwambia mtu mwenye njaa atazame juu ashibe. Lakini nilimwuliza Mama, "Wale wanaokuja na kamera kubwa kutupiga sisi, picha zetu zinaliwa?" Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Wao zinawalisha." Tukacheka wote wawili.

Jamani, fikirini. Tangu tuwe wakimbizi, sisi ndio tunapigwa picha. Kwenye foleni ya mgao, kwenye hema, na mtoto mgongoni. Picha inaondoka na hatuioni tena. Mara chache sana sisi tunaamua nini kipigwe. Nikielekeza simu kwenye Kilimia, kwa dakika tisa mimi ndiye ninayetazama. Hakuna mradi ulioniambia nifanye hivyo. Kwangu hicho si kitu kidogo.

Tena kazi inaweza kutoka humo. Kenya yuko Susan Murabana, anazunguka na darubini mashuleni kupitia Travelling Telescope, na watoto wengi wameona pete za Zohali kwa mara ya kwanza kupitia kwake. Tanzania yuko Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria, ameandika na kufundisha elimu ya nyota miaka mingi. Hawa ni watu wa ukanda wetu. Anayejua kuunganisha picha 36 amejifunza hesabu, kompyuta na subira kwa pamoja. Siwaahidi ajira, maana ahadi tumezichoka. Nasema tu kwamba ni ujuzi wa kweli, na ujuzi unahama na wewe hata kama mizigo imebaki.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: usalama. Hapa ni karibu na mpaka. Kijana aliyesimama gizani na simu imeelekezwa mahali, anaonekana vipi? Mimi yamenikuta. Usiku mmoja watu wa doria walinimulika tochi usoni, wakauliza napiga picha ya nini. Nikasema "nyota", hawakuamini. Moyo ulinidunda. Nikawaonyesha picha moja moja, giza na nukta, giza na nukta. Mmoja akazikuza kwa kidole, akatazama juu, akatazama simu, akatazama juu tena. Akasema, "Ziko nyingi kuliko ninavyoona mimi." Mkubwa wao akaniambia nenda kalale, nikaenda. Ingeweza kuisha vibaya. Na mjue iliisha vizuri kwa sababu picha zilikuwa za kweli, na zilifanana na kilichokuwa juu yetu.

Kwa hiyo masharti yangu ni haya. Tupige ndani ya ua, si barabarani. Mwambieni mwenye nyumba na mkuu wa eneo kabla. Simu itazame juu, kamwe isielekezwe daraja, kituo wala gari la watu wa usalama. Taa ya kamera izimwe. Dada zetu wasibaki peke yao nje, na kaka pia. Kama usiku huo kuna wasiwasi, tunalala. Nyota zitarudi.

Nimebakiza jambo moja, na hili nimelifikiria sana kabla ya kuliandika.

Wengi wetu tunaogopa usiku, na tunajua kwa nini. Tarehe 13 Agosti 2004 waliokuja kambini hapa walikuja usiku, mnamo saa nne. Waliouawa wengi walikuwa Wabanyamulenge, akina mama na watoto wengi kati yao. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa. Wapo kati yetu waliozaliwa baadaye lakini wamelelewa na hofu hiyo: ikifika saa moja, ingia ndani, funga mlango, usitoke. Mimi ni mmoja wao. Kabla ya umri wa miaka 19 sikuwahi kutazama anga la usiku zaidi ya dakika moja.

Nilirudisha ile ramani ya nyota mpaka usiku ule. Mwezi haukuwepo, ulikuwa umebaki ukucha mwembamba wa kuchomoza karibu na alfajiri. Saa nne usiku Njia ya Maziwa ilikuwa imepita juu ya Gatumba, sehemu yake nene kuliko zote ikiwa juu kabisa, upande wa magharibi kidogo, na mkia wa Nge ndani yake. Karibu na mkia huo kuna fungu la nyota ambalo Ptolemaio wa Alexandria, huko Misri, aliliandika miaka karibu 1,900 iliyopita. Baada ya saa saba, mambo yakiwa yameshaisha, Kilimia kilipanda nyuma ya milima ya mashariki. Sisemi kwamba nyota zilituhurumia. Hazina macho. Nasema tu kwamba hata usiku ule ulikuwa na anga lake, na wale watu waliolala chini yake walikuwa na haki ya kuliona asubuhi ikafika.

Nyota za tarehe ileile zinarudi mahali palepale kila mwaka. Na mwaka huu wa 2026 mwezi mpya unaangukia tarehe 12 Agosti, kwa hiyo tarehe 13 saa nne usiku hakutakuwa na mwezi, kama ule mwaka. Itakuwa kiangazi, moshi wa nyasi zinazochomwa unaweza kuharibu picha, lakini huko juu kabisa moshi unapungua.

Ombi langu. Baada ya maombi na kusoma majina, kila mmoja kwa ua wake, pamoja na wakubwa wake, apige picha ya lile fungu la mkia wa Nge. Usifute chenga ili uonekane bingwa, na usiazime ya Webb. Andika chini yake mahali, saa, na sekunde ngapi. Picha itakuwa mbaya, najua. Ya ndugu yetu niliyemsema itakuwepo, ameshatafuta kopo la nyanya.

Kwa hiyo mdogo wangu, uliuliza nani ataumia. Nimejibu nilivyoweza. Anayepinga aandike, tunajibizana kwa heshima. Tuko pamoja.